Fungu la Haki: Habari za Hesabu ya Kugawana

Msomaji wangu, kabla hujaendelea mbele na insha hii, chukua kalamu na karatasi, unifanyie hesabu moja. Otieno na Wanjala walikuwa safarini. Otieno alinunua chapati 3, na Wanjala alinunua chapati 2. Walipoketi chini ya mti ili wale, alipita msafiri wa tatu ambaye hakuwa na chakula, nao wakamkaribisha. Wote watatu walikula sawasawa hata chapati zikaisha. Msafiri yule alipoinuka kwenda zake aliwaachia shilingi 50, akasema, "Hizi ni badala ya chakula nilichokula. Gawaneni kwa haki." Je, kila mmoja wao alistahili kupata shilingi ngapi?

Andika jibu lako pembeni, wala usilifute. Tutalirudia mwishoni. Swali hili lilinifedhehesha mimi mwalimu siku moja, nami nitakueleza jinsi lilivyonifedhehesha. Lakini kwanza sharti tufunge safari, maana swali hili ni mzee kuliko mimi na wewe, na limetembea nchi nyingi.

Wanafunzi wengi hudhani kwamba maswali ya kununua na kugawana yalitungwa na walimu ili kuwasumbua watoto. Dhana hiyo si kweli. Maswali hayo hayakuzaliwa shuleni. Yalizaliwa ghalani, sokoni, bandarini na matangani. Mahali ambapo vitu ni vichache na mikono inayovingojea ni mingi. Watu walipogawana vibaya waligombana, na walipokwisha kugombana walitafuta njia ya kugawana vizuri. Njia hiyo ndiyo hesabu. Shule iliipokea tu, kama vile mtoto anavyopokea jembe ambalo babu yake alilima nalo.

Tuanze Misri. Yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, karani mmoja aitwaye Ahmose alinakili juu ya karatasi ya mafunjo maswali ya hesabu yaliyokuwa yameandikwa zaidi ya karne mbili kabla yake. Karatasi hiyo ilinunuliwa mjini Luxor mwaka 1858 na Mskochi mmoja, Alexander Henry Rhind, na sehemu yake kubwa imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London. Ndiyo maana wataalamu huiita mafunjo ya Rhind, ingawa kwa haki ingalifaa kuitwa mafunjo ya Ahmose.

Misri ya zama za Ahmose haikuwa na sarafu. Wafanyakazi walipewa ujira wao kwa nafaka, mikate na pombe ya shayiri. Kwa hiyo karani aliyekosea kugawa mikate hakuwa amekosea zoezi la daftarini. Alikuwa amempunja mtu chakula cha watoto wake. Basi si ajabu kwamba maswali 6 ya kwanza katika mafunjo hayo yanahusu kuwagawia watu 10 mikate: mkate 1, kisha 2, kisha 6, 7, 8 na 9.

Chukua swali la mikate 6 kwa watu 10. Mimi na wewe tutajibu mara moja kwamba kila mtu apate tatu ya tano ya mkate, yaani 3/5. Jibu hilo ni sahihi katika karatasi. Lakini sasa shika kisu ukate mikate yenyewe. Ukikata kila mkate vipande viwili, kimoja cha 3/5 na kimoja cha 2/5, watu 6 watapata kipande kizima kizuri cha 3/5, na wale 4 waliosalia utawaungia vipande vidogo vidogo mpaka vilingane. Hesabu ni sawa, lakini macho hayaridhiki. Aliyepewa vipande viwili atamtazama aliyepewa kimoja, na manung'uniko yataanza.

Ahmose alijibu kwa namna nyingine. Wamisri waliandika karibu sehemu zao zote kwa moja juu: nusu, robo, moja ya tano, moja ya kumi, na kadhalika, ila theluthi mbili ilikuwa na alama yake maalumu. Kwa hiyo jibu lake lilikuwa hili: kila mtu apate nusu na moja ya kumi. Sasa kata tena. Mikate 5 ikate nusu nusu, upate nusu 10, kila mtu moja. Mkate wa sita ukate vipande 10, kila mtu kimoja. Watu 10 wana mafungu 10, na kila fungu linafanana na jingine kwa idadi ya vipande na kwa ukubwa wa vipande. Hakuna wa kununa, kwa kuwa hata asiyejua kusoma anaona kwa macho yake kwamba hakupunjwa.

Wala Ahmose hakutoa jibu akaliacha hapo. Alilithibitisha. Alilichukua fungu la mtu mmoja akalizidisha maradufu, akalizidisha tena maradufu, na tena, akapata fungu la watu 2, la watu 4 na la watu 8. Kisha akajumlisha la watu 2 na la watu 8, akaona kwamba mikate 6 imerudi kamili. Kumbuka desturi hiyo, msomaji. Mtu anayegawa mali ya wenzake hana ruhusa ya kusema, "Niaminini." Sharti aoneshe.

Katika mafunjo hayo hayo liko swali jingine linalotufundisha jambo la pili. Mikate 100 inagawiwa watu 10, lakini watatu kati yao, yaani nahodha wa chombo, msimamizi na bawabu, sharti wapate maradufu ya wengine. Karani akatatua hivi: kila mmoja wa wale watatu mhesabu kuwa watu wawili. Watu 10 wakawa kama watu 13. Gawanya 100 kwa 13, upate fungu moja; kisha wape wale watatu mafungu mawili mawili. Hapa tunaona kwamba tangu kale watu walijua kwamba kugawa sawasawa na kugawa kwa haki si neno moja. Wakati mwingine ni kitu kimoja, na wakati mwingine sivyo. Hesabu haimchagulii mtu nani astahili maradufu. Jambo hilo huamuliwa na watu. Lakini likisha kuamuliwa, hesabu hulinda neno lililoamuliwa lisipotoshwe.

Tuondoke Misri twende Uchina. Huko kiliandikwa kitabu kiitwacho Jiuzhang Suanshu, maana yake Sura Tisa za Sanaa ya Hesabu, kilichokusanywa katika zama za utawala wa Han. Mwaka 263 baada ya Kristo, mwanachuoni Liu Hui alikiandikia ufafanuzi. Sura yake ya saba huanza na maswali ya watu wanaochanga fedha wanunue kitu pamoja. Swali moja ni hili: watu kadhaa wananunua kuku kwa shirika. Kila mtu akitoa sarafu 9, zinazidi 11. Kila mtu akitoa sarafu 6, zinapungua 16. Watu ni wangapi, na bei ya kuku ni kiasi gani?

Ikiwa umepata kushika daftari la mchango, unalijua swali hili hata kama hulijui. Fikiri hivi. Kutoka kupungukiwa na 16 hata kuzidiwa na 11, fedha zimepanda kwa 27. Zimepanda kwa sababu gani? Kwa sababu kila mtu ameongeza 3, kutoka 6 hata 9. Basi ikiwa kila mtu ameongeza 3 na jumla imeongezeka 27, watu ni 9. Watu 9 wakitoa 9 kila mmoja ni 81. Ondoa 11 zilizozidi, bei ni 70. Jaribu na upande wa pili: 6 mara 9 ni 54, ongeza 16 zilizopungua, ni 70. Pande mbili zimekutana. Wala hukuhitaji kubahatisha, wala hukuhitaji kanuni usiyoielewa. Ulihitaji kujiuliza tu kitu gani kimebadilika na kwa nini kimebadilika.

Sasa twende Baghdad. Katika enzi ya Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala tangu mwaka 813 hata 833, aliishi huko mwanachuoni Muhammad bin Musa al-Khwarizmi. Aliandika kitabu juu ya al-jabr, na kutokana na neno hilo sisi tumepata neno aljebra. Mwanafunzi wa leo husikia neno hilo akaingiwa na hofu, kana kwamba aljebra ni mchezo wa herufi usio na nyumbani. Lakini sehemu kubwa ya kitabu kile ni maswali ya urithi: mtu amekufa, ameacha mke, watoto, deni na wasia, kila mmoja apate nini? Katika sheria ya Kiislamu mafungu yametajwa: nusu, robo, thumuni, theluthi mbili, theluthi na sudusi. Kuyalinganisha mafungu hayo pasipo kumdhulumu mjane wala yatima kulihitaji hesabu ya hakika.

Tazama mfano niliouandika mimi ili uelewe. Mtu amefariki. Madeni yake yamelipwa, wasia umetimizwa, nao wazazi wake walikwisha kufa kabla yake. Ameacha mbuzi 24, mke mmoja, wana 2 na mabinti 3. Kwa sheria hiyo mjane ana thumuni, yaani mbuzi 3. Wanabaki mbuzi 21. Kila mwana hupata mafungu mawili na kila binti fungu moja. Basi mafungu ni 4 ya wana na 3 ya mabinti, jumla 7. Gawanya 21 kwa 7, kila fungu ni mbuzi 3. Kila mwana atapata 6, kila binti 3. Sasa fanya kama Ahmose, uthibitishe: 3 za mjane, 12 za wana, 9 za mabinti, jumla 24. Hakuna mbuzi aliyepotea njiani.

Hesabu hiyo ilifika pwani yetu pamoja na dini na biashara, na alama zake zimo ndani ya lugha unayoisoma sasa. Tunasema mbili, tatu, nne, tano na nane kwa maneno ya Kibantu. Lakini sita, saba na tisa tumeyapokea kutoka Kiarabu, na hali kadhalika ishirini, thelathini, mia na elfu. Sehemu nazo ni hivyo hivyo: nusu, robo, theluthi, thumuni. Ajabu ni kwamba neno lenyewe la kugawa ni letu la asili. Waswahili waliazima majina ya mafungu, lakini kitendo cha kugawana hawakumwazima mtu.

Tena katika masoko ya pwani watu walipima nafaka kwa kibaba, kisaga na pishi. Vibaba 2 ni kisaga, na visaga 2 ni pishi. Ona jinsi vipimo hivyo vilivyopangwa: kila kimoja ni nusu ya kinachokifuata, ili mwenye pishi aweze kumpa jirani nusu, na jirani naye aweze kutoa nusu ya nusu, pasipo ugomvi. Fedha zilikuwa na tabia iyo hiyo. Rupia iliyotumika hapo kwanza katika Afrika ya Mashariki ya Waingereza ilikuwa na pesa 64. Hesabu 64 hugawanyika kwa 2, kwa 4, kwa 8, kwa 16 na kwa 32 bila kubakiza kitu. Baada ya rupia ilikuja florin kwa muda mfupi tu, kisha ikaja shilingi ya Afrika ya Mashariki yenye senti 100. Na mwaka 1966 Kenya ikatoa shilingi yake yenyewe. Neno thumuni halikufa pamoja na fedha za kale; lilihamia kwenye sarafu ya senti 50, ingawa senti 50 si moja ya nane ya shilingi bali ni nusu yake. Hivyo maneno huishi kuliko sarafu.

Lakini chukua shilingi yenye senti 100 uwagawie watu watatu. Kila mmoja atapata senti 33, na moja itabaki. Ilikuwa vivyo hivyo kwa rupia: 64 kwa watatu ni 21, na moja ikabaki. Hiyo moja ni ya nani? Hesabu haikuambii. Hesabu inakuambia tu kwamba imebaki. Mwaminifu ataiweka mezani mbele ya wenzake waamue pamoja. Mwizi ataitia mfukoni akidhani kwamba kitu kidogo hakionekani. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha wizi nacho hujazwa vivyo hivyo.

Basi sasa turudi nyuma, twende Italia, katika mji wa Pisa. Mwaka 1202 Leonardo wa Pisa, ambaye siku hizi hujulikana zaidi kwa jina la Fibonacci, aliandika kitabu kikubwa kiitwacho Liber Abaci. Alipokuwa kijana, baba yake alikuwa kazini katika bandari ya Bugia, iliyo katika nchi ya Algeria ya leo. Huko, katika ardhi ya Afrika, ndiko alikojifunza namna ya kuhesabu kwa tarakimu za Kihindi, ndizo hizi tunazozitumia. Katika kitabu chake mna swali la watu wawili, mmoja ana mikate 3, mwenziwe ana mikate 2. Akaja askari, wakala wote watatu sawasawa, askari akaacha sarafu 5.

Naona sasa umetabasamu, maana umewatambua Otieno na Wanjala.

Nami sasa nitaungama. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu nilipelekwa kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi. Nililiokota swali hili mahali fulani, nikalibadili mikate kuwa chapati, nikalitia katika mtihani wangu. Jibu langu lilikuwa jepesi: chapati 3 kwa 2, basi shilingi 30 kwa 20. Darasa karibu lote liliandika hivyo, nami nikapiga vyema vingi. Mvulana mmoja aliyekaa nyuma aliandika 40 na 10. Nilimtia alama ya kosa kwa wino mwekundu. Alisimama akasema kwa adabu, "Mwalimu, Wanjala amekula karibu chapati zake zote mwenyewe." Nikamwambia aketi. Wenzake wakacheka. Akaketi.

Miezi kadhaa baadaye, katika maktaba ya chuo, nilisoma habari za Leonardo wa Pisa. Jibu lake ni sarafu 4 kwa mwenye mikate 3, na sarafu 1 kwa mwenye mikate 2. Nilibaki nimekitazama kitabu kwa muda. Kisha nikachukua karatasi nikafanya kile ambacho nilipaswa kufanya kabla ya kuushika wino mwekundu.

Fanya nami. Kila chapati ikate vipande 3. Chapati 5 ni vipande 15, na watu watatu wakila sawasawa kila mmoja amekula vipande 5. Otieno alikuwa na vipande 9. Alikula 5, akampa mgeni 4. Wanjala alikuwa na vipande 6. Alikula 5, akampa mgeni 1. Mgeni hakulipia chapati zilizonunuliwa. Alilipia chakula alichokula yeye. Katika vipande vyake 5, vinne vilitoka kwa Otieno na kimoja kwa Wanjala. Kwa hiyo shilingi 50 zigawiwe hivi: 40 kwa Otieno, 10 kwa Wanjala. Yule mvulana wa nyuma alikuwa amesema kweli yote kwa sentensi moja.

Liko simulizi la zamani katika nchi za Kiislamu linalofanana na swali hili, nalo husimuliwa juu ya Ali bin Abi Talib. Watu wawili, mmoja mwenye mikate 5 na mwingine mwenye 3, walimkirimu mgeni, naye akawaachia dirhamu 8. Mwenye mikate 5 alimpa mwenziwe dirhamu 3, lakini yule hakutosheka, akataka nusu. Waliposhtakiana, Ali alimshauri achukue zile 3 alizopewa. Akakataa, akasema anataka haki tupu. Basi akaambiwa kwamba haki tupu ni dirhamu 1 kwake na 7 kwa mwenziwe. Kata mikate 8 vipande vitatu vitatu, utaona mwenyewe kwa nini. Mtu akidai haki na awe tayari kuipokea, hata ikiwa ndogo kuliko alivyodhani.

Niliporudi katika shule ile kumtafuta yule mvulana, niliambiwa kwamba jamaa zake walihama na yeye amekwenda nao. Sikupata kumwomba radhi, wala kuifuta alama ile nyekundu. Kwa hiyo kila mwaka huliandika swali hili ubaoni, na baada ya wanafunzi kujibu huwaambia kwamba katika darasa langu aliyelitatua wa kwanza alikuwa mwanafunzi, na aliyelikosa alikuwa mwalimu.

Sasa litazame jibu uliloliandika pembeni. Ikiwa uliandika 40 na 10, vema, usijivune. Ikiwa uliandika 30 na 20, usione haya; uliangukia mahali nilipoanguka mimi. Ila siku utakapopewa kugawa kitu, kiwe chakula cha wadogo zako, au fedha za chama, au mali ya ukoo, uyakumbuke maswali matatu. Uulize kwanza, kinachogawiwa hasa ni nini? Pili, nani ametoa na nani amekula? Tatu, je, mafungu yote nikiyarudisha pamoja yatakuwa kitu kizima, na kama kimebaki kitu, kimebaki mikononi mwa nani? Na mtu wa nyuma akisimama kusema neno, usimwambie aketi kabla hujalipima neno lake.